Uundaji wa Kompyuta Zinazoendeshwa na Mfumo Endeshi Usiohudumiwa Rasmi na Utatuzi wa Hitilafu Zake: Maelezo kwa Kiswahili kwa Kurejelea Mazingira ya Misigiri, Mkoa wa Singida

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kompyuta za kawaida zinavyoundwa ili ziendeshwe na mfumo endeshi wa macOS, ambao mtengenezaji wake, kampuni ya Apple, hauhudumii katika mashine zisizo zake. Aidha, yanaeleza hatua za kuchunguza na kutatua hitilafu za mashine hizo. Maelezo yametolewa kwa kurejelea mazingira ya mji mdogo kama Misigiri, ambako fundi yuko mbali na soko la vipuri na maandiko yote ya ufundi huu yako katika lugha ya kigeni. Makala yanatumia msingi wa Nadharia Jumla ya Istilahi kuonesha kwamba tatizo la fundi huyo si la vifaa tu, bali pia ni la lugha: Kiswahili kina istilahi nyingi zinazohusu sura ya nje ya kompyuta na chache mno zinazohusu hatua zinazotangulia sura hiyo, nazo ndizo hatua ambamo hitilafu nyingi hutokea. Makala yanahitimisha kwamba mfumo huu wenyewe unafikia ukomo wake, lakini mbinu ya uchunguzi inayotokana nao inafaa kuhifadhiwa na kufundishwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Misigiri ni mji mdogo uliopo katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega. Mahali hapo ndipo inapochepuka barabara iendayo Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Kutoka Dar es Salaam, ambako ndiko kwenye soko kubwa la kompyuta na vipuri vyake, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Umbali huo una maana ya pekee kwa fundi wa kompyuta. Fundi wa Kariakoo anayeshuku kwamba kadi ya picha imeharibika huweza kuazima nyingine duka la jirani, akaijaribu na kuirudisha. Fundi aliye Misigiri akishuku jambo hilohilo, hana budi kuagiza kipuri na kusubiri kifike kwa basi. Iwapo alikosea katika kushuku, gharama ya kipuri na nauli ya mzigo huwa imepotea, na mashine hubaki ilivyokuwa.

Kwa hiyo, mbali na soko, uchunguzi sahihi una thamani kubwa kuliko kipuri. Makala haya yameteua aina ya kompyuta ambayo hudai uchunguzi wa namna hiyo kuliko nyingine zote: kompyuta iliyoundwa na mtumiaji mwenyewe kutokana na vipande vya watengenezaji mbalimbali, kisha ikawekewa mfumo endeshi ambao hakuna mtengenezaji anayekubali kuuhudumia ndani yake. Mashine ya namna hii ikikwama, hakuna ofisi ya kupigiwa simu wala waranti ya kudai. Mwenye mashine ndiye mhudumu wake.

Dhana ya mfumo endeshi usiohudumiwa rasmi inatumika hapa kwa maana ya mfumo unaofanya kazi katika mashine ambayo mwenye mfumo hakuikusudia. Dhana hiyo itofautishwe na mfumo uliokwisha muda wa huduma, kama vile Windows 10, ambao huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Katika hali ya kwanza, mfumo ni mpya lakini mashine haitambuliwi. Katika hali ya pili, mashine inatambuliwa lakini mfumo umezeeka. Hata hivyo, hali zote mbili zinamwacha mtumiaji katika nafasi moja, yaani kujitegemea.

2.0 Usuli

2.1 Chimbuko la kompyuta hizi

Hadi mwaka 2005, kompyuta za Apple zilitumia prosesa za jamii ya PowerPC, hivyo mfumo wake endeshi haukuweza kuendeshwa moja kwa moja na kompyuta za kawaida. Mwezi Juni 2005 kampuni hiyo ilitangaza kuhamia prosesa za Intel, na Januari 2006 kompyuta za kwanza za aina hiyo ziliingia sokoni. Tangu hapo, prosesa iliyomo ndani ya kompyuta ya Apple na ile iliyomo ndani ya kompyuta ya kawaida zikawa za jamii moja. Kilichobaki kuzitenganisha ni vitu vitatu: programu dhibiti inayoamsha mashine, utambulisho wa mashine, na viendeshi vya vifaa.

Apple iliweka ulinzi katika mfumo wake. Baadhi ya programu za msingi zilifungwa kwa usimbaji, na ufunguo wake ukawa ndani ya kidhibiti kidogo kilichomo kwenye ubao mama wa mashine za Apple. Mfumo ukiuliza ufunguo na usijibiwe, hauendelei. Watumiaji waliobobea waliunda programu inayoigiza kidhibiti hicho. Sambamba na hilo, waliunda vipakizi vinavyouandalia mfumo mazingira yanayofanana na ya mashine ya Apple. Miongoni mwa vipakizi vilivyotumika zaidi ni Chameleon, kisha Clover, na tangu mwaka 2019 OpenCore.

2.2 Hali ya kisheria

Mkataba wa leseni wa macOS unaruhusu mfumo huo kuwekwa katika kompyuta zenye chapa ya Apple pekee. Kampuni ya Psystar ya Florida, Marekani, ilianza mwaka 2008 kuuza kompyuta za kawaida zilizowekewa mfumo huo. Apple ilifungua mashtaka mwaka huohuo. Mwezi Novemba 2009 mahakama ya shirikisho huko California iliamua kwamba Psystar ilikiuka hakimiliki, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo.

Nchini Tanzania, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Hivyo basi, maelezo yanayofuata yanatolewa kwa lengo la kielimu, na suala la uhalali litarejelewa katika sehemu ya 6.0, kwa kuwa lina athari kwa mtu anayetaka kuugeuza ujuzi huu kuwa riziki.

2.3 Kiunzi cha nadharia

Makala yanaongozwa na Nadharia Jumla ya Istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster wa Austria (1898–1977). Mihimili miwili ya nadharia hiyo ndiyo inayohusika hapa. Kwanza, dhana hutangulia istilahi, yaani kitu hueleweka mipaka yake kabla ya kupewa jina. Pili, dhana moja inapaswa kuwakilishwa na istilahi moja, na istilahi moja iwakilishe dhana moja. Mihimili hii imekosolewa na wataalamu waliofuata kwa kutozingatia mazingira halisi ya matumizi ya lugha. Hata hivyo, katika ufundi ambamo neno lililochanganywa humfanya mtu anunue kipuri asichokihitaji, mihimili hiyo bado ina nguvu.

3.0 Uundaji wa Mashine

3.1 Uteuzi wa vifaa

Kosa kubwa katika uundaji wa kompyuta hizi hufanyika kabla ya bisibisi kushikwa. Katika mashine ya kawaida, mtu hununua vifaa kisha hutafuta viendeshi vyake. Katika mashine hii, utaratibu hugeuzwa: hutazamwa kwanza vifaa ambavyo Apple yenyewe iliwahi kuvitumia, kisha hununuliwa vinavyofanana navyo.

Kwa upande wa prosesa, zile za Intel ndizo zenye wepesi, kwa sababu Apple ilizitumia. Prosesa za AMD hazikuwahi kuuzwa ndani ya kompyuta za Apple, hivyo huhitaji keneli irekebishwe kila inapopakiwa. Kadi ya picha ndiyo inayovunja mashine nyingi. Kadi za AMD za kizazi cha Polaris, kwa mfano RX 580, zilihudumiwa kwa miaka mingi bila ya nyongeza kubwa. Kadi za Nvidia zina historia tofauti. Zile za vizazi vya Maxwell na Pascal zilifanya kazi kwa viendeshi vya Nvidia yenyewe hadi toleo la macOS 10.13, kuanzia toleo la 10.14 la mwaka 2018, viendeshi hivyo havikutolewa tena. Kadi za Nvidia za vizazi vilivyofuata hazikuwahi kupata kiendeshi chochote. Mtu anayenunua kadi yenye nguvu ya kizazi hicho kwa kudhani kwamba nguvu ndiyo kigezo, huwa amenunua kifaa ambacho mfumo hautakiona kamwe.

Picha zinazotolewa na prosesa yenyewe nazo zina mpaka. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina sehemu ya picha ambayo macOS haina kiendeshi chake. Vivyo hivyo, vifaa vya mawasiliano yasiyotumia waya hutegemea toleo: kadi za Broadcom zilizokuwa zikitegemewa na watumiaji wengi ziliondolewa katika macOS 14 ya mwaka 2023.

3.2 Mipangilio ya programu dhibiti

Baada ya vifaa kuunganishwa, mashine huwashwa na kuingizwa katika mipangilio ya programu dhibiti, ambayo mafundi wengi huiita BIOS ingawa katika mashine za sasa ni UEFI. Mambo ya msingi ni haya: diski ziwekwe katika hali ya AHCI, uanzishaji salama uzimwe, isipokuwa kwa anayejua kuupanga, uanzishaji wa kizamani uzimwe, na kufuli la rejista za prosesa, linaloandikwa CFG Lock, lifunguliwe pale ubao mama unaporuhusu. Kufuli hilo lisipofunguliwa na kipakizi kisiambiwe kulikwepa, keneli hujaribu kuandika mahali palipofungwa, na mashine husimama papo hapo.

3.3 Kipakizi na yaliyomo ndani yake

Kipakizi hukaa katika kizigeu kidogo cha diski chenye muundo wa FAT32, kinachoitwa kizigeu cha EFI. Katika OpenCore, kizigeu hicho hubeba vitu vinne vinavyopaswa kueleweka kila kimoja kwa kazi yake.

Kitu cha kwanza ni majedwali ya ACPI. Ubao mama huja na majedwali yanayouelezea mfumo ni vifaa gani vilivyopo na umeme wake unadhibitiwaje. Majedwali hayo huandikwa na mtengenezaji wa ubao akiwa na Windows akilini. Majedwali ya ziada huongezwa ili kukitaja kifaa ambacho macOS hukitafuta na hakikutajwa, au kukificha kinachoukwaza.

Kitu cha pili ni viendelezi vya keneli. Hivi ni vipande vya programu vinavyoungana na keneli wakati wa kupakiwa. VirtualSMC huigiza kidhibiti cha Apple kilichotajwa katika sehemu ya 2.1, Lilu hutoa msingi wa kuirekebisha mifumo mingine, WhateverGreen hushughulikia picha, AppleALC hushughulikia sauti. Mpangilio wake una maana, kwani viendelezi vinavyomtegemea Lilu havina budi kupakiwa baada yake.

Kitu cha tatu ni viendeshi vya kipakizi chenyewe, kwa mfano kile kinachokiwezesha kuisoma diski yenye muundo wa Apple kabla mfumo haujaanza.

Kitu cha nne ni faili la config.plist, ambalo huunganisha vyote. Humo ndimo unamoandikwa utambulisho wa mashine, yaani aina ya kompyuta ya Apple inayoigizwa na namba yake. Kila toleo la OpenCore lina muundo wake wa faili hili. Faili la toleo moja likitumiwa na kipakizi cha toleo jingine, mashine huweza kukwama bila ya maelezo yoyote.

4.0 Utatuzi wa Hitilafu

4.1 Kanuni ya hatua

Msingi wa utatuzi ni kutambua kwamba kuwaka kwa kompyuta si tendo moja bali ni mfuatano wa matendo, na kila tendo hukabidhi kazi kwa linalofuata. Mkabidhi akishatimiza wajibu wake, hitilafu haiwezi kuwa nyuma yake kwa namna ya kuzuia safari. Hivyo, swali la kwanza la fundi liwe "Imefika wapi?", na swali la nini kimeharibika lifuate baadaye.

Hatua hizo ni tano: umeme na ukaguzi wa awali, programu dhibiti kukitafuta kipakizi, kipakizi kuipakia keneli, keneli kuanza, na mfumo kuvitambua vifaa hadi kufikia sura ya mtumiaji.

4.2 Hatua ya kwanza: umeme na ukaguzi wa awali

Mashine isiyowaka kabisa, au inayowaka feni bila kuonesha chochote, haijafika kwenye mfumo endeshi. Fundi anayebadilisha faili la config.plist katika hali hii anapoteza muda. Hapa huchunguzwa kigawa umeme, ramu kama zimekaa vizuri katika nafasi zake, na kebo ya kioo kama imechomekwa kwenye kadi inayotoa picha.

Kuna hitilafu moja ya hatua hii ambayo huvaa sura ya hitilafu ya mfumo. Ubao mama hubeba betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme wa ukutani haupo. Betri hiyo ikiisha, mbao mama nyingi hurudi katika mipangilio ya kiwandani kila umeme unapokatika. Ichukuliwe kwamba fundi wa Misigiri ameletewa mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana, umeme ukakatika usiku, na asubuhi ikakwama katika nembo. Mwenye mashine atasema mfumo umeharibika, na ushauri wa haraka utakuwa kusimika upya. Hata hivyo, usimikaji huo nao utakwama, kwa sababu uanzishaji salama umejirudisha, kufuli la rejista limejifunga, na saa imerudi miaka mingi nyuma kiasi kwamba kisimikaji hukataa kuthibitisha uhalali wa faili zake. Tiba ni betri inayopatikana duka lolote la saa, na mipangilio iliyoandikwa katika daftari. Fundi asiyeijua hatua ya kwanza angeweza kufuta kazi za mteja bila sababu.

4.3 Hatua ya pili na ya tatu: kipakizi

Mashine ikirudi katika mipangilio ya programu dhibiti au ikidai diski ya kuanzishia, maana yake kipakizi hakikuonekana. Huchunguzwa kama kizigeu cha EFI kina muundo sahihi na kama mafaili yamo katika njia inayotakiwa.

Kipakizi kikionekana, mtumiaji akauchagua mfumo, na mashine ikasimama katika mistari ya mwanzo kabisa, hitilafu iko katika makabidhiano ya kumbukumbu baina ya programu dhibiti na keneli. Hapa hukaguliwa mipangilio ya kipakizi inayohusu ramani ya kumbukumbu. Aidha, programu ya ocvalidate, inayotolewa pamoja na OpenCore, hulilinganisha faili la config.plist na muundo wa toleo husika na kutaja palipokosewa. Programu hiyo hufanya kazi bila ya intaneti, jambo lenye uzito mahali ambapo kila kifurushi cha data kina bei yake.

4.4 Hatua ya nne: keneli

Ili kuiona hatua hii, mashine huanzishwa katika hali ya maelezo kamili kwa kuongeza amri ya -v. Nembo huondoka na mahali pake huonekana mistari ya maandishi. Amri ya debug=0x100 huongezwa ili mashine isijiwashe upya inapopata mtaharuki wa keneli, bali ibaki na maandishi yake kiooni. Fundi huipiga picha kwa simu mistari ya mwisho, kwani ndiyo ushahidi wa kesi.

Mtaharuki unaotaja usimamizi wa umeme wa prosesa huelekeza kwenye kufuli la rejista. Mtaharuki unaotaja kiendelezi fulani kwa jina huelekeza kwenye toleo au mpangilio wa kiendelezi hicho. Kukosekana kwa VirtualSMC huufanya mfumo ukose jibu la ufunguo wake na kukwama.

4.5 Hatua ya tano: vifaa

Ujumbe usemao kwamba mfumo bado unasubiri kifaa cha mzizi, au alama ya duara lililokatwa mstari, humaanisha kwamba keneli imeanza lakini haiioni diski iliyotoka. Ikiwa usimikaji unafanyika kwa flashi, kinachoshukiwa kwanza ni milango ya USB. Mfumo wa macOS hukubali milango 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa kuwa milango miwili. Ubao mama wenye milango mingi huvuka idadi hiyo, na mlango wenye flashi huweza kuwa miongoni mwa iliyoachwa nje. Suluhisho la kudumu ni kuichora ramani ya milango na kuiacha ile isiyotumika. Jaribio la haraka ni kuihamisha flashi hadi tundu la USB 2.

Mistari ikipita hadi mwisho kisha kioo kikawa cheusi, mashine mara nyingi iko hai na mfumo umeanza; kilichokosekana ni picha. Hapa ndipo uteuzi wa vifaa ulioelezwa katika sehemu ya 3.1 unapolipa au kudai. Kadi isiyo na kiendeshi haitibiki kwa mpangilio wowote.

4.6 Nidhamu ya majaribio

Pamoja na hatua hizo, nidhamu tatu zinahitajika. Kwanza, libadilishwe jambo moja kwa kila jaribio. Mtu aliyebadilisha matano na mashine ikapona hajui dawa ni ipi, na ikizidi hajui sumu ni ipi. Pili, nakala ya kizigeu cha EFI kinachofanya kazi ihifadhiwe katika flashi ya pembeni, ili jaribio likishindikana mashine iwashwe kwa flashi hiyo. Tatu, kila badiliko liandikwe. Mali bila daftari, husema wahenga, hupotea bila habari. Na katika ufundi huu mali ni ujuzi wa kilichokwisha kujaribiwa.

5.0 Suala la Istilahi

Juhudi za kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili si mpya. Mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, na katika miaka hiyohiyo Microsoft ilishughulikia istilahi za Kiswahili kwa ajili ya bidhaa zake. Kwa kuwa miradi hiyo ililenga kutafsiri kinachoonekana na mtumiaji kiooni, istilahi zake nyingi ni za kiolesura: faili, kabrasha, dirisha, hifadhi, chapisha.

Matokeo yake ni mgawanyo usio sawa. Juu, kwenye uso wa kompyuta, kuna wingi: kompyuta na tarakilishi, kipanya, puku na mausi, nywila na nenosiri. Chini, katika hatua nne za mwanzo zilizoelezwa hapo juu, kuna uhaba. Hali ya juu inakiuka kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja kwa kuzidisha majina. Hali ya chini inaikiuka kwa njia ya kinyume: neno moja hubebeshwa dhana nyingi. Kauli "kompyuta imekufa" huweza kumaanisha mashine isiyopokea umeme, isiyokiona kipakizi, iliyopata mtaharuki wa keneli, au iliyo hai bila picha. Kila hali ina tiba yake, na mojawapo tu ndiyo inayohitaji ubao mama mpya au kigawa umeme kipya.

Hata hivyo, lugha ya kawaida ya Kiswahili ina vitenzi vinavyoweza kuzitenganisha hali hizo vikipewa mipaka. Inapendekezwa kwamba kugoma kutumike kwa mashine isiyopita hatua ya kwanza. Kupotea njia kwa ile isiyokiona kipakizi. Kuganda kwa ile iliyosimama na maandishi au nembo kiooni. Kuzunguka kwa ile inayojiwasha upya bila kikomo. Na kupofuka kwa ile iliyo hai bila picha. Vitenzi hivi vina faida moja: mteja asiyejua ufundi huweza kuvitumia kwa usahihi akiulizwa alichokiona, hata kwa simu, kabla hajaibeba mashine kutoka kijijini hadi barabarani.

Kwa upande wa nomino, makala haya yametumia kipakizi kwa programu inayoipakia keneli. Kizigeu kwa sehemu ya diski iliyotengwa. Kiendelezi cha keneli kwa kipande kinachoungana na keneli. Programu dhibiti kwa programu iliyomo ndani ya ubao mama. Na mtaharuki wa keneli kwa hali ya keneli kusitisha kazi ghafla baada ya kukutana na kosa isilolimudu. Maneno kama keneli na prosesa yametoholewa, kwa sababu fundi atakutana nayo kiooni na utohozi humrahisishia kuyatambua.

Suala hili lina uzito wa kielimu. Nchini Tanzania, elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa kwa Kiswahili, na elimu ya sekondari kwa Kiingereza. Kijana aliyeishia darasa la saba anaweza kuwa na mikono myepesi na akili ya kupambanua, lakini maandiko ya OpenCore humfungia mlango kabla hajaishika mashine. Kwake yeye, kukosekana kwa istilahi si pengo la kamusi; ni pengo la kipato.

6.0 Mipaka ya Ufundi Huu

Ufundi huu una mipaka mitatu. Wa kwanza ni wa kisheria. Kwa kuwa leseni inakataza, fundi anayewauzia wateja mashine za namna hii anajiweka katika nafasi iliyoiangusha Psystar. Wa pili ni wa usalama. Sasisho lolote la mfumo huweza kuvunja maelewano baina ya keneli na viendelezi. Mtumiaji anayeogopa kusasisha hubaki na matundu ya kiusalama. Anayesasisha bila nakala hujihatarisha kupoteza kazi zake. Mashine hii haifai kutunza hesabu pekee za duka au kumbukumbu pekee za shule.

Mpaka wa tatu ni wa wakati. Juni 2020 Apple ilitangaza kuachana na Intel na kutumia prosesa zake yenyewe, na Juni 2025 ilitangaza kwamba macOS 26 ndilo toleo la mwisho litakaloendeshwa na kompyuta zenye prosesa za Intel. Daraja lililojengwa mwaka 2006 linaondolewa. Mashine zilizopo zitaendelea kuwaka, lakini matoleo yajayo hayatakuwa na keneli ya kupakiwa ndani yake.

Je, ujuzi huu ni wa kutupwa? Makala haya yanaona kwamba la. Hatua tano za kuwaka ni zilezile katika mashine yenye Windows au Linux. Kizigeu cha EFI, majedwali ya ACPI, betri ya ubao mama na nidhamu ya kubadilisha jambo moja kwa wakati haviimiliki Apple. Kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11, ambayo hudai pamoja na mengine kijenzi cha usalama cha TPM 2.0, zinaweza kupewa maisha ya pili kwa Linux, mfumo ambao leseni yake inamruhusu fundi kuusimika, kuurekebisha na kulipwa kwa kazi hiyo bila ya kuvunja sheria. Vilevile, kompyuta halisi za Apple zilizoachwa na matoleo mapya huweza kuhuishwa kwa OpenCore Legacy Patcher, inayotumia kipakizi kilekile.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameeleza uundaji wa kompyuta zinazoendeshwa na mfumo endeshi usiohudumiwa rasmi na utatuzi wa hitilafu zake, na yameonesha kwamba maelezo hayo yanawezekana kwa Kiswahili bila ya kupoteza usahihi wa dhana. Imebainika kwamba uhaba wa istilahi uko katika hatua za awali za kuwaka kwa mashine, na kwamba uhaba huo una gharama ya fedha kwa fundi na mteja walio mbali na soko.

Inapendekezwa, kwanza, kwamba BAKITA na TATAKI zitakapoendelea na kazi ya istilahi za kompyuta, zianze na lugha ya matengenezo na si ya kiolesura pekee. Pili, vyuo vya ufundi stadi viandae miongozo ya Kiswahili ya uchunguzi wa hitilafu inayofuata hatua tano, kwa kutumia Linux ili kuepuka ukiukaji wa leseni. Tatu, tafiti zijazo zikusanye kwa mafundi wenyewe maneno wanayoyatumia kutofautisha hali za mashine, katika miji mikubwa na katika miji midogo ya njia panda kama Misigiri, ili vitenzi vilivyopendekezwa hapa vipimwe dhidi ya matumizi halisi, na vile visivyofaa viachwe.